Siku Tuliyomnyolea Madame Faida Akiwa Hai

Hii habari siisimulii mbele ya mama yangu, wala siisimulii Kasenga, mtaani kwetu Uvira, maana kule kila mtu anaisimulia kivyake na katika masimulizi yote mimi ndiye mjinga. Hapa tuko wenyewe kwa wenyewe, basi nitasema. Mimi Riziki, mnayeniona hapa, niliwahi kuongoza msiba wa mtu aliyekuwa amelala ndani ya nyumba yake, mzima, anasubiri uji upoe. Chekeni kwanza mmalize. Hata mimi nikianza huwa ninacheka.

Madame Faida alikuwa mwalimu wetu wa Kifaransa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwanamke mfupi, mwenye kalamu nyekundu na sauti inayofika barabarani. Alisahihisha kila mtu. Ukimwendea kumwambia kwamba prefe, mkuu wa shule, anamwita, alisahihisha kwanza sentensi yako, ndipo akaenda kwa prefe, na watu walisema hata prefe alikuwa akisahihishwa humo ndani. Tulimwogopa na tulimpenda, sijui kipi kilitangulia.

Mwaka huo akaanza kukosa siku, halafu wiki, halafu tukaletewa mwalimu mwingine. Mtaa mzima uliambiwa ni tumbo. Sisi tulijua kwamba ni kansa ya titi, na namna tulivyojua ni hii: rafiki yangu Espe ana dada mwenye saluni hapo Kasenga, ndiye aliyemsuka Madame miaka yote, na siku moja Madame alimwita nyumbani, akafungua kitambaa, akamwonyesha kichwa kisicho na unywele hata mmoja, akamtajia ugonjwa wake, akauliza kama kuna perike, nywele za kuvaa, isiyoonekana kuwa ni perike. Akamwomba asiseme kwa mtu. (Dada alimwambia Espe tu, Espe akaniambia mimi tu, na mimi nikaliambia darasa tu.)

Kilichotuumiza hakikuwa nywele. Ni kwamba Madame alikuwa amesema harudi tena Bujumbura. Alikuwa akivuka mpaka kwenda kule kuwekewa ile dawa inayopitishwa kwenye mshipa, ile inayoangusha nywele, na daktari alikuwa amemwonya asiikatize, lakini akamwambia dada wa Espe kwamba amechoka, inatosha. Sisi tukakaa, tukajadiliana, tukapata jibu ambalo hakuna aliyetuomba: Madame anaona aibu ya kichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hatua ya kwenda kumwuliza.

Ndipo nikaona video. Mnazijua hizi video, mtu anakutumia kwenye simu na muziki wa kulia chini yake. Wanafunzi wa nchi fulani ya mbali, mwenzao ni mgonjwa, basi wanapanga mstari wanakatwa nywele ili zishonwe perike, mwalimu analia, wazazi wanapiga makofi, mgonjwa anacheka. Niliitazama mpaka umeme wa simu ukaisha. Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikasema sisi pia tutakata nywele, dada wa Espe atashona perike, tutampelekea Madame nyumbani bila kumwambia, iwe sirprize, ataona tuko naye, atarudi Bujumbura. Mdomoni mwangu ilikuwa rahisi hivyo. Wasichana waliitika, wavulana walipiga meza, na mimi nikajiona mtu mkubwa.

Siku ya Jumamosi tukajaa kwenye baraza ya saluni. Balaa ya kwanza ni kwamba wasichana wengi tulikuwa tumesukia meshi, zile nywele za dukani, na meshi zilipofumuliwa zote zikawekwa pembeni, kilichobaki vichwani mwetu kilikuwa kitu cha kusikitisha. (Mimi niliyekuwa nikirusha msuko begani mwaka mzima, nywele zangu halisi hazikufika hata sikioni.) Dada wa Espe akakusanya zilizokatwa, akaziweka kwenye kiganja, akazitazama.

"Hii haifike perike," akasema. "Hata kofia ya mutoto haifike."

Sasa sikilizeni hapa, maana ni hapa. Tungeweza kurudi nyumbani. Tungeweza kununua perike moja ya kawaida pale sokoni, tukaenda wawili watatu, tukampa, tukaondoka. Lakini mimi nilikuwa na video kichwani, na sikutaka kurudi nyumbani bila chochote.

"Basi tunyoe yote," nikasema. "Sisi wote, hata wavulana. Perike ikikosekana, angalau tutafanana naye."

Espe akanivuta kando. "Riziki, minye naona batu batawaza kama tuko na kilio."

"Weye uko na mambo ya zamani," nikamjibu, kwa sauti ili wengine wasikie, na wakacheka.

Mtaniuliza kama sikujua. Nilijua. Kwetu mtu akifa, watoto wake na ndugu zake wananyolewa vipara. Mimi mwenyewe nilinyolewa babu yangu alipofariki, nikakaa mkekani na bibi akanipitishia wembe. Siku hizi yapo makanisa yanayokataza, lakini bado hakuna mtu wa Uvira atakayeona kundi la vipara vipya akawaza habari ya video. Nilijua yote hayo na nikayaruka, kwa sababu nilikuwa nimeshapendezwa na wazo langu.

Tulipoanza, umeme ukakatika, mashine ya kunyolea ikafa kwenye kichwa cha mtu wa kwanza. Dada akaleta beseni la maji, sabuni na nyembe. Akatandika mkeka barazani ili tusichafue ndani, tukaketi miguu imenyooshwa, mmoja baada ya mwingine, tukapitishiwa wembe. Sikuona kitu. Halafu, kwa kuwa huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, kila mtu alikuwa ameleta kitu: unga wa muhogo, sukari, na wavulana gunia la makala, makaa ya kupikia. Tulivaa ile sare ya shule, bluu na nyeupe, ili tuonekane darasa moja. Na mimi nikatoa amri ya mwisho, kwamba tutembee mstari mmoja, kimya, tusije tukaharibu sirprize kabla hatujafika.

Jipangieni wenyewe picha hiyo. Wanafunzi, vipara vinang'aa, unga kichwani, makala mgongoni, kimya kabisa, wanapanda kuelekea nyumba ya mwalimu wao mgonjwa.

Motari wa kwanza tuliyekutana naye alizima pikipiki akaisukuma kwa mguu mpaka tukapita. Mzee mmoja akavua kofia. Upepo wa ziwani ulikuwa unanipiga kipara, nikasikia baridi nzuri, nikajiambia kumbe watu wa hapa wana heshima namna hii. Tulipofika karibu na wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mama mmoja akasimama.

"Batoto, munaenda kwa nani?"

"Kwa Madame Faida," nikajibu, kwa kiburi kidogo.

Akaziba mdomo kwa pembe ya kitenge. Akamwachia jirani yake beseni lake, akaingia nyuma yetu. Akaja mwingine. Machozi yalikuwa yanawatoka, na mimi (Mungu anisamehe) nikamnong'oneza Espe, "Unaona? Watu wanaguswa." Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye nywele zetu na alikuwa anatazama chini. Kufika kwenye kona, nyuma yetu palikuwa na umati, na mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo wa kanisani, ule wa taratibu, na kwa kuwa mimi pia ni wa kwaya, nikaingia na sauti ya pili. Niliiimba vizuri. Sijawahi kuimba vizuri hivyo.

Mlangoni kwa Madame palikuwa kimya. Jirani yake, baba mmoja mwenye duka dogo pale, alitoka, akatuona, akashika kichwa, akarudi ndani akatoka na benchi begani, mwanawe nyuma yake na jingine. Akaja kwangu kwa sababu nilikuwa mbele.

"Pole, mama yangu," akaniambia polepole. "Mwili iko hapa, ao iko bado Bujumbura?"

Wimbo ulikuwa unaendelea nyuma yangu, watu walikuwa wameanza kulia kwa sauti, na nilipogeuka kusema hapana, subirini, nikamwona mama yake Madame Faida.

Mama huyu alikuwa ametoka kijijini kwao Lubarika kuja kumwuguza binti yake. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda Nyakabere kwa ndugu kutafuta sombe, majani ya muhogo, akamwacha binti yake amelala, uji wake unapoa pembeni. Sasa anarudi, na mzigo wa sombe kichwani, anakuta njia ya nyumba yao imejaa watu wanaoimba, mabenchi yanatolewa, na mbele ya mlango wanafunzi wa binti yake, anaowajua kwa majina, wamenyolewa wote. Hakuuliza mtu. Mzigo ulianguka kwanza, kisha yeye. Alianza kumwita binti yake kwa Kifuliiru, akijipiga kifua, akisema mbona hukunisubiri, mbona uliniacha niende. Wanawake walimkimbilia wakamshika mikono. Mimi nilikuwa nimesimama na unga wangu kichwani.

Ndipo mlango ukafunguka. Madame Faida alitoka na gauni la kulalia, kitenge kimefungwa kiunoni, na kichwa wazi, maana alikuwa ameamshwa na kelele na hakukumbuka kitambaa. Alitutazama wote, uso wa mtu mwenye usingizi.

"Ni nani alikufa?" akauliza.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mama wa kwaya alikimbia, akaacha kandambili moja mlangoni. Baba wa benchi aliketi juu ya benchi lake mwenyewe kana kwamba ni yeye aliyefiwa. Wengine walirudi nyuma wakakanyagana, na kijana mmoja akatumbukia mtaroni. Ningekuwa mtazamaji ningecheka mpaka leo. Lakini mimi nilikuwa namtazama Madame, na niliona macho yake yakipita kichwa kimoja baada ya kingine, wasichana, wavulana, mimi, halafu gunia la makala, halafu mabenchi, halafu mama yake chini kwenye vumbi. Alielewa kila kitu kabla sijafungua mdomo. Mwisho kabisa akajishika kichwani, akakuta hakuna kitambaa. Mtaa mzima ulikuwa umeshaona kile alichokuwa akikificha kwa miezi. Alirudi ndani akafunga mlango, na tulisikia komeo likiingia.

Nilijaribu kueleza. Nilisema kansa, nilisema video, nilisema perike, Espe akainua ule mfuko wa nywele kuwaonyesha watu, na ikazidi kuwa mbaya, maana waliokuwa wanaamini ni tumbo sasa walijua ni nini. Mama yake alipoinuliwa na kuelezwa kwamba binti yake ni mzima, hakufurahi kama nilivyotegemea. Alinijia, akanitazama kichwa.

"Mulishamulilia," akasema. "Mulimunyolea na bado anapumua. Sasa munataka nimupeleke tena Bujumbura, akafanye kule nini?"

Siku ya pili akamchukua, akaenda naye Lubarika. Dawa ikabaki upande wa pili wa mpaka.

Prefe alituadhibu, wazazi walitugombeza, vijana wa mtaani walitupa jina "wenye kilio," na yote hayo niliyabeba. Kitu ambacho sikuweza kubeba ni ile Lubarika. Nilikuwa nahesabu moyoni siku ambazo Madame angekuwa kwenye kile kiti cha hospitali na hayuko. Mwishowe nikamwambia mama yangu, naye akafunga kuku mmoja, tukamchukua na Espe, tukaenda kuomba msamaha.

Tulimkuta Madame ameketi kivulini anabambua maharagwe, kitambaa kichwani, amekonda. Mama yake alipokea kuku bila kutusalimu akaenda naye nyuma. Nilipiga magoti nikaanza kuomba msamaha kwa Kifaransa, sijui kwa nini, labda nilidhani ataheshimu juhudi, na akanisahihisha. Hapo nikalia.

"Riziki, juu ya nini hamukuniuliza?" akasema.

"Ilikuwa sirprize, Madame."

"Nywele inarudiaga yenyewe." Aliendelea kubambua. "Haikuwa nywele. Minye nilikuwa nachoka kuvuka peke yangu. Nilikuwa nataka mutu mumoja tu, tuvuke naye pale Kavimvira, anishikilie sakoshi nikiwa natapika. Mama amezeeka, hawezi hiyo njia. Mumoja tu, Riziki. Na nyinyi mukakuja darasa nzima."

Halafu akacheka kidogo, akasema, na zile nywele zenu nusu ilikuwa meshi.

Nikamwambia nitavuka naye. Lakini mama yake alikataa. Alisema kilio kilichoanzishwa hakiwezi kuachwa wazi, kitamvuta binti yake mpaka kimpate. Lazima kiondolewe, kama kinavyoondolewa baada ya mazishi, watu wakae pamoja wale, waambiwe warudi kwenye kazi zao. Mama yangu alijaribu kumwambia kwamba mgonjwa yuko hai, hakuna kilio cha kuondoa. Akajibu kwamba waliokianzisha ndio wenye kazi ya kukimaliza. Basi tukarudi Uvira kuwatafuta wenzetu, na mnajua kukusanya watu kwa jambo la aibu si sawa na kuwakusanya kwa jambo la sifa: huyu ana homa, huyu baba yake amekataa, huyu amekwenda Baraka. Wiki zilipita. Tulipofika Lubarika sote, tulipika bugali kwa unga wa muhogo, tukala uani, Madame wa kwanza, mama yake akanawa mikono akasema kimeisha. Usiku ule nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu siku ya wembe.

Nilivuka naye kila mara iliyobaki. Nilimshikia sakoshi, ule mkoba wake wa mkononi, na mfuko mwingine wa kutapikia, na pale mpakani nilipomjibu askari kwa Kifaransa, Madame, akiwa ameinama hivyo hivyo, alinisahihisha. Siku ya kwanza daktari alifungua karatasi zake, akazisoma, akauliza kwa nini tumechelewa kiasi hiki. Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Madame akaniwahi, kwa Kifaransa chake safi: njia ilikuwa mbaya, daktari. Sikuweza kumtazama mpaka tuliporudi Uvira.

Alifariki mvua zilipoanza. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya zile wiki. Niliwahi kumwuliza daktari, naye akasema ugonjwa ulikuwa mkali, huwezi kujua, labda ingekuwa vilevile. Neno "labda" ndilo ninaloishi nalo.

Siku ya mazishi nilifika Lubarika mapema. Wanawake wa ukoo walikuwa nyuma ya nyumba wananyolewa, na mama yake ndiye aliyeshika wembe. Nywele zangu zilikuwa zimerudi. Nikafumua msuko, nikaketi mwisho wa mkeka, nikasubiri. Alipofika kwangu aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kikiwa bado na maji na sabuni, akakiacha pale.

"Weye hapana," akasema. "Weye ulishamunyolea."

Akamwita aliyefuata. Sikujua kama amenisamehe au amenitoa kati ya watu wanaomlilia binti yake, na sikuthubutu kuuliza. Tulisimama kaburini darasa zima na nywele zetu, katikati ya vipara, na nikasikia mgeni mmoja akimwambia mwenzake kwamba wale ndio wanafunzi wake, hata kunyoa wamekataa.

Tangu hapo sitaki kusikia habari ya kukusanya watu. Nikiambiwa mtu ni mgonjwa ninakwenda peke yangu, nagonga mlango, nauliza unataka nini, na nikijibiwa "hakuna," nauliza mara ya pili. Wengi huwa wanataka kitu kidogo sana. Madame alitaka mtu wa kumshikia sakoshi, na mimi nilimpelekea kilio.